Kushusha Altezza Dodoma: springi fupi au koilova?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina Toyota Altezza RS200 ya mwaka 2001, ringi za 17, tairi 215/45. Naishi Nkuhungu, kazi yangu iko Mtumba, na karibu kila mwezi nakwenda Iringa kupitia Mtera, safari nyingine peke yangu, nyingine na familia na mizigo. Nataka gari lishuke kidogo na liache kulala kwenye kona. Fundi mmoja anasema ninunue springi fupi. Wa pili ana koilova zilizotumika, zimetoka Japani. Wa tatu anasema nisipoteze hela, atanikatia springi nilizo nazo. Shokapu ni zile zile gari lilikuja nazo. Nimepima kutoka bomba la ekzosi hadi chini, nimepata milimita 140. Nichague nini?

JIBU: Nunua springi fupi zinazoshusha milimita 20 hadi 25, na uzifunge siku moja na shokapu nne mpya zinazoendana nazo. Springi fupi juu ya shokapu za zaidi ya miaka ishirini, usifanye. Koilova (shokapu na springi zilizofungwa pamoja, urefu wake unarekebishwa) mpya za kiwanda kinachojulikana zinawezekana, kwa masharti tutakayoyafikia. Kukata, hapana kabisa, na hilo tulimalize kwanza.

Springi ni fimbo ndefu ya chuma iliyoviringwa. Uzito ukiikandamiza, chuma chenyewe kinajisokota. Ukipunguza mizunguko, fimbo inakuwa fupi na ngumu kusokoteka. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiondoa mmoja, inaongezeka ugumu kwa asilimia 20. Ugumu huo peke yake si balaa. Balaa iko kwenye ncha. Ncha ya kiwandani imetengenezwa ilale vizuri kwenye kikombe chake. Iliyopita kwenye grenda inakaa kwa ukingo. Tena shokapu haikufupishwa, kwa hiyo tairi likining'inia, tuseme umevuka mtaro kwa upande, springi inalegea kabisa, inacheza ndani ya nafasi yake. Gari likitua, inaweza kurudi ikiwa imekaa kombo. Ule mlio wa "ko!" unaosikika kwenye magari mengi yaliyokatwa springi, kila yakitoka shimoni, mara nyingi ndio huo. Wanaozichoma kwa gesi wanafanya vibaya zaidi: moto unaua ugumu ambao kiwanda kiliuweka, na gari linaendelea kukaa wiki hadi wiki, upande mmoja kuliko mwingine.

Sasa hizo milimita 140 zako.

Ukishusha 25 zinabaki 115. Watu wengi husimamia hapo, wanasahau kuwa gari halitembei tupu. Chukua siku umepakia watu wazima wawili nyuma na mabegi kwenye buti, useme kilo 160 za ziada zimeangukia ekseli ya nyuma, yaani kilo 80 kwa kila tairi. Kama ugumu unaofika kwenye tairi ni kilo 2.5 kwa kila milimita, nyuma inakaa milimita 32 zaidi. Katikati ya gari, ekzosi ilipo, inapungua kama nusu yake: 16. Umebaki na 99. Tuta la sentimita 10 hapo tayari linagusa, na matuta ya mitaani yaliyojengwa na wananchi wenyewe hayakupimwa na mtu. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa springi zinazoshusha 45 na utabaki na 79, ambazo zitakwangua karibu kila siku ukiwa na abiria.

Usikisie. Altezza ina mita 2.67 kati ya tairi la mbele na la nyuma. Nenda kwenye tuta baya kuliko yote katika njia yako ya kila siku, vuta uzi ulionyooka sambamba na barabara juu ya mgongo wa tuta, kisha upime kutoka kwenye uzi hadi lami, mita 1.3 kutoka kileleni. Kipimo hicho ndicho bomba lako litakachokutana nacho tuta likiwa katikati ya gari. Ongeza milimita 15 za gari kudundadunda. Jibu likizidi nafasi uliyo nayo ukiwa umepakia, punguza tamaa ya kushusha, maana TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, hawatakuja kulinyoa tuta kwa ajili ya Altezza. Kuvuka kimshazari, tairi moja baada ya jingine, kunasaidia bampa ya mbele kuliko kunavyosaidia tumbo.

Kabla hujanunua chochote, kuna jambo la bei ndogo. Umesema gari linalala kwenye kona. Angalia kwanza stabilaiza, ile fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale: linki zake (vijiti vya kuiunganisha) na bushi zake (raba zinazoishika). Bushi iliyokwisha inaacha fimbo icheze milimita kadhaa kabla haijaanza kuzuia, na ndani ya milimita hizo gari linalala bila kizuizi. Shika linki kwa mkono, tairi zote zikiwa chini, uitikise, ikigonga, imekwisha. Magari mengi yamenunuliwa koilova kwa ugonjwa wa linki mbili.

Ulalaji wenyewe unazuiwa na springi na stabilaiza. Shokapu inaamua gari lilale kwa kasi gani, si lilale kiasi gani. Ndiyo maana mwenye koilova anayezungusha kitufe hadi mwisho wa ugumu "ili gari lisilale" anapata gari linalogonga kwenye rasta za barabarani, na kwenye kona ndefu linalala vile vile.

Kwa nini tunang'ang'ania shokapu mpya? Springi inahifadhi nguvu ya shimo na kuirudisha. Shokapu ndiyo inayoimeza. Ukiongeza ugumu wa springi kwa asilimia 30, shokapu inatakiwa ifanye kazi ya ziada ya asilimia 14 hivi ili gari litulie kama mwanzo. Zako zimepungua nguvu kwa umri, halafu unaziongezea mzigo. Matokeo yake gari linaruka mara mbili tatu baada ya kila wimbi la lami, na kwa kasi ya barabara kuu tairi la nyuma linakuwa jepesi pale pale unapolihitaji. Kubonyeza kona ya gari kwa mkono na kuhesabu miruko kunaonyesha shokapu iliyokufa tu; iliyo nusu hai inafaulu mtihani huo.

Sababu ya pili ni nafasi ya kupanda. Ndani, juu ya fimbo ya shokapu, kuna raba ya kuzuia, mafundi wanaiita bamstopa. Tuseme tairi lako linaweza kupanda milimita 60 kabla ya kuigusa. Ukishusha 25 zinabaki 35. Ukishusha 45 zinabaki 15, na 15 huliwa na kiraka cha kawaida cha lami. Kuanzia hapo gari haliegemei springi tena, linaegemea raba, na ugumu unapanda ghafla. Wengi husema "springi hizi ni ngumu sana" kumbe springi haina kosa. Gari linatembelea bamstopa. Kwenye kona ni hatari zaidi. Njia ya Mtera kwenda Iringa inapanda milima ya Nyang'oro kwa kona za kufuatana. Tairi la nje likiwa tayari limekandamizwa, likikutana na tuta dogo katikati ya kona, raba inagonga, mshiko unakatika kwa mara moja, na gari linahama njia bila kukuonya. Tairi lako la 215/45 lina ukuta wa milimita 97 tu, halitameza pigo hilo.

Kuhusu aina. RS200 ni SXE10. AS200 ni GXE10 yenye injini ya silinda sita, na uzito wa mbele unatofautiana, kwa hiyo soma kibati cha chesisi kabla ya kulipa, maana muuzaji akiambiwa "Altezza" tu anaweza kukupa yoyote. Kwa springi, Tein H-Tech hushusha kidogo kuliko S-Tech yao. Kwako ni H-Tech. Eibach Pro-Kit na RS-R nazo zina rekodi nzuri. Kwa shokapu, KYB New SR Special zinaendana na springi fupi za wastani. Ukiangalia Bilstein, kumbuka B6 ni ya urefu wa kawaida na B8 imefupishwa kwa magari yaliyoshushwa. Hakikisha namba ya bidhaa ni ya gari lako, si jina la kampuni tu. Nunua na maunti za juu (vishikio vya shokapu kwenye bodi), mipira ya vumbi na bamstopa mpya. Ni vitu vidogo, lakini ukivirudisha vya zamani utalipa ufundi mara mbili.

Ukijumlisha vyote hivyo utaona tofauti ya bei na koilova imepungua sana. Hapo ndipo koilova zinapostahili kuzungumzwa, kwa kuwa ulinganisho wa haki ni seti nzima kwa seti nzima.

Koilova ni shokapu yenye nyuzi nje, na pete inayobeba springi. Ziko za namna mbili. Namna ya kwanza unashusha gari kwa kuteremsha pete ya springi. Ukishusha sana springi inalegea, ukipandisha sana unaibana kabla gari halijakaa juu yake. Namna ya pili kikombe cha chini nacho kina nyuzi, unarefusha au kufupisha mwili mzima wa shokapu bila kugusa springi, na safari ya shokapu inabaki ile ile. Kwa barabara zetu, kama ni koilova, chukua namna ya pili. Tein Flex Z na BC Racing BR ni mifano yake. Kipimo cha chini kabisa kinachotangazwa kwenye boksi ni cha maonyesho ya magari. Kianzio chako kiwe milimita 20 chini ya urefu wa kiwandani, na kama seti haiwezi kukaa juu kiasi hicho, iache dukani.

Ugumu wa springi zake usomwe kwa akili. Mara nyingi springi imeandikwa namba tatu ubavuni: kipenyo cha ndani, urefu, na ugumu. Si ajabu kukuta kilo 8 au 10 kwa kila milimita, mbele. Rafiki mwenye Subaru Impreza atakuambia kilo 5 zilimvunja mgongo. Anasema kweli, ila gari lake halifanani na lako. Kwenye Impreza, shokapu ya mbele imesimama karibu na tairi, kwa hiyo karibu ugumu wote unafika chini. Altezza ina mikono miwili (vyuma vinavyoshikilia tairi), juu na chini, na shokapu imekaa ndani zaidi kwenye mkono wa chini. Tairi likipanda milimita 10, shokapu inaweza kubanwa 7 tu. Ugumu unaofika kwenye tairi ni 0.7 mara 0.7, yaani karibu nusu. Springi ya kilo 8 hapo inafanya kazi kama kilo 4. Hata hivyo kilo 4 kwenye tairi ni nyingi kwa mtaa wa vumbi wa Nkuhungu. Chukua seti laini kuliko zote anazouza mtengenezaji.

Kinachoziua koilova Dodoma ni vumbi. Kiangazi kizima, kuanzia Mei hadi Novemba, vumbi laini linanata kwenye utando wa mafuta juu ya fimbo, na kila fimbo ikiingia inalipeleka kwenye sili, mpira unaozuia mafuta ya shokapu yasivuje. Mvua zikianza Desemba, tope linajaa kwenye nyuzi na kukauka kama saruji. Baada ya misimu miwili pete hazigeuki tena, na koilova isiyogeuka ni springi fupi ya bei ghali. Ukizifunga, osha nyuzi kwa maji ya kawaida na brashi kila mwezi, usielekeze mashine ya presha kwenye sili, acha zikauke, kisha paka nta au silikoni kavu. Usipake grisi, grisi inakusanya mchanga. Kila baada ya miezi mitatu legeza pete na uzizungushe kidogo hata kama hubadilishi urefu, uzirudishe kwenye alama yake.

Kama hayo yote unaona ni kazi, basi umekwisha kujijibu. Koilova zinamfaa anayebadilisha urefu kwa sababu: ana seti mbili za ringi za upana tofauti, anapanga uzito wa kona nne, au anaendesha kwenye mashindano. Kushusha mara moja na kuacha hapo ni kazi ya springi.

Zile zilizotumika za fundi wa pili (za mtumba, si za Mtumba unakofanyia kazi) tusizikatae bila kuziona. Zitoe zote nne mezani. Pitisha ukucha kwenye fimbo kutoka juu hadi chini. Mkwaruzo unaokamata ukucha utakata sili mpya ndani ya wiki chache. Futa mwili kwa kitambaa cheupe na utazame mafuta. Bonyeza fimbo hadi chini kisha iachie: yenye gesi inapanda yenyewe, polepole na bila kukwama, na kushoto na kulia zinapaswa kupanda kwa mwendo mmoja. Zungusha kitufe cha ugumu, hesabu klik kutoka kwenye ugumu wa mwisho, kisichobofya kimekufa. Geuza pete zote. Zilizotoka maeneo ya theluji ya Japani zina kutu ya chumvi, na pete ya aluminiamu juu ya nyuzi zenye kutu hiyo haitoki bila kuharibika. Muulize pia kama sili za seti hiyo zinapatikana. Seti isiyofunguka kwa ukarabati, ikivuja ni chuma chakavu. Moja tu kati ya haya ikishindwa, rudi nyumbani na hela yako.

Ufungaji wa springi na shokapu ni kazi ya siku moja kwa fundi mwenye vifaa. Kabla ya jeki, pima kila kona kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi, uandike. Usipime kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya. Gari likae kwenye stendi nne, si kwenye jeki. Toa linki ya stabilaiza, fungua vishikio vya hozi ya breki na waya wa ABS kabla ya kushusha mkono, la sivyo waya unavutika na taa ya ABS itawaka kesho yake. Nyuma utaondoa kapeti za buti kufikia nati za juu.

Hatua ya kuangalia kwa macho mawili ni vibano vya kukandamiza springi. Viwe viwili, vimekaa mkabala, vizungushwe kwa spana ya mkono kwa zamu, mizunguko miwili huku, miwili kule. Spana ya upepo hapana. Springi iliyobanwa ikichomoka inavunja taya la mtu. Weka alama ya rangi kwenye maunti ya juu na kikombe cha chini kabla ya kutenganisha, ili pembe ya kurudisha iwe ile ile. Kama maelekezo ya springi yanataka bamstopa ikatwe, kata kiasi kilichoandikwa, si zaidi. Ncha ya springi iguse ukingo wa kikombe chake, usipoiona imegusa usifunge.

Kosa tunaloliona limerudiwa zaidi liko kwenye kukaza. Bushi za mikono ni raba iliyogundishwa kwenye bomba la chuma, haizunguki, inajipinda. Ukikaza boliti zake gari likiwa limening'inia, umezifunga katika pozi la kuning'inia, na gari likishuka zinabaki zimesokotwa muda wote. Gari litasimama juu kuliko lilivyotakiwa, litakuwa gumu, na baada ya miezi kadhaa bushi zitapasuka. Kwa hiyo boliti za mikono ziingizwe bila kukazwa, gari lishushwe kwenye tairi zake au mkono uinuliwe kwa jeki hadi kipimo chake cha kukaa, ndipo zikazwe. Mwambie fundi kabla hajaanza, na uwepo wakati huo. Nati za ringi zikazwe kwa niutoni mita 103, kisha zirudiwe baada ya kilomita 50.

Tembea kilomita 200 hivi ili springi zikae, ndipo uende alaimenti, kupima na kurekebisha pembe za tairi. Gari likishuka, tairi linalala kwa juu kuingia ndani, na mwelekeo wake kwa mbele nao unabadilika. Mlalo mdogo hauli tairi kama watu wanavyodhani. Unaomaliza tairi upande wa ndani hadi nyaya zionekane ni mwelekeo uliopotoka. Dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, mbele na nyuma. Taa za mbele zirekebishwe hapo hapo.

Siku ya kufunga, omba kebo tai (utepe wa plastiki wa kufungia nyaya) nyembamba ifungwe kwenye fimbo ya kila shokapu ya mbele, chini ya bamstopa. Nenda Iringa na familia, mizigo yote ndani. Ukirudi, inua mpira wa vumbi na utazame. Kebo tai ikiwa imesukumwa hadi kwenye raba, umetumia nafasi yote: gari limeshushwa mno au limebeba mno. Ikiwa imebaki milimita 10 au zaidi chini ya raba, urefu huo unafaa.